Wenye vihamba, tuupunguze mrututu

Babu yangu alikuwa akipima dawa ya kahawa kwa msumari. Mrututu aliufunga kwenye kitambaa cha gunia, akauning'iniza usiku kucha ndani ya pipa la maji ili uyeyuke polepole. Chokaa aliichanganya kwenye chombo kingine. Asubuhi alivimimina pamoja huku mmoja wetu akikoroga kwa mti mrefu, kisha akatoa mfukoni msumari aliousugua kwa mchanga mpaka ukang'aa, akauchovya na kuuacha kidogo. Ukitoka umevaa wekundu, dawa ilikuwa bado kali na ingeunguza majani, basi akaongeza chokaa. Ukitoka unang'aa kama ulivyoingia, aliitikia kwa kichwa, na bomba likapanda mgongoni.

Jioni yake mikono ya babu ilikuwa bluu mpaka kwenye kucha. Migomba iliyosimama karibu na mibuni ilikuwa na madoa ya bluu, na sisi watoto tulikatazwa kugusa magimbi ya upande ule. Baada ya siku chache mvua ilinyesha, rangi ikaondoka kwenye majani, nasi tukaamini kwamba dawa nayo imeondoka.

Haikuondoka. Ule wekundu uliouvaa msumari ni shaba yenyewe, madini yale yale ya kwenye nyaya za umeme, na shaba haiozi. Dawa nyingi za viwandani, zikiwamo zile tunazozikimbia, huvunjwavunjwa na jua na vijidudu vya udongo baada ya wiki, miezi au miaka. Shaba haina wa kuivunja. Mvua huishusha kutoka kwenye jani hadi chini, nayo hung'ang'ania mboji na udongo wa juu, zile sentimeta 20 za kwanza ambamo mizizi ya mbuni na mgomba hutafuta chakula. Ya mwaka huu inaikuta ya mwaka jana, na ya mwaka jana iliikuta ya babu.

Nawaandikia ninyi wenye vihamba vya Kilimanjaro, kuanzia Rombo hadi Machame, na wakulima wenzetu wa kahawa wa Meru, Mbinga, Mbozi na Tarime, hata ng'ambo ya mpaka kule Nyeri na Kirinyaga. Zaidi ya wote nawaandikia mliojiandikisha kwenye kilimo hai, mkakubali kukaguliwa kila mwaka, mkaacha mbolea ya chumvichumvi na viuatilifu vya dukani hata pale jirani alipowacheka. Ninyi mlishaonyesha kwamba mnaujali udongo, ndiyo maana nathubutu kuwaomba jambo moja zaidi. Tuanze kuupunguza mrututu, na tuanze msimu huu.

Najua jibu la haraka: mbona unaruhusiwa? Ni kweli, viwango vingi vya kilimo hai duniani vinaruhusu shaba kwa masharti. Lakini inafaa kujua uliingiaje mlangoni. Katika miaka ya 1880, huko Médoc nchini Ufaransa, wenye mashamba ya mizabibu walikuwa wakiirushia mrututu na chokaa mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia wanaodokoa zabibu waogope. Profesa mmoja wa mimea wa Bordeaux, Pierre-Marie-Alexis Millardet, akaona kwamba mizabibu ile ya kando ya barabara ndiyo iliyobaki na majani wakati ukungu ulipoivua mingine. Mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo, na ukasambaa duniani. Kanuni za kilimo hai zilipokuja kuandikwa miongo mingi baadaye, mrututu ulikuwa mzee tayari, umezoeleka, na wakulima hawakuwa na kingine cha kushika dhidi ya ukungu. Ukaachwa upite. Leo mashamba ya zamani ya mizabibu huko Ulaya yamebeba shaba iliyorundikwa kwa zaidi ya miaka 100, na wenyewe wameshtuka.

Tangu 2019 Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka, na sheria zake zinaihesabu shaba miongoni mwa vitu vinavyopaswa kutafutiwa mbadala. Wakulima wa chapa ya kilimo hai ya Demeter wamejibana zaidi, kilo 3 kwa mwaka. Mwaka 2018 ilianza pia miradi miwili mikubwa ya utafiti, RELACS na Organic-PLUS, kwa ajili ya kutafuta namna ya kuachana na pembejeo zenye utata katika kilimo hai, shaba ikiwa mstari wa mbele.

Tuzilete hesabu hizo kwenye ekari yetu. Mrututu una shaba robo tu ya uzito wake. Kwa kipimo cha Ulaya, basi, ekari moja isipate zaidi ya kilo 6 na nusu za mrututu kwa mwaka mzima. Ukitumia kopa ya unga yenye shaba nusu kwa nusu, ni kama kilo 3 na robo. Chukua daftari la mwanafunzi, kaa na mwenzio jioni, mkumbuke mlipuliza mara ngapi msimu uliopita na kila mara mliweka kiasi gani. Wakulima wengi hawajawahi kuijumlisha dawa ya mwaka mzima. Hata sisi nyumbani hatukuwahi.

Wazee wetu siwalaumu, wala sitaki yeyote awalaumu kwa kunisoma. Chulebuni ilionekana mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 ikatufikia Kilimanjaro. Mliokuwapo mnaukumbuka ugonjwa ule: punje ya kijani inapata doa jeusi lililobonyea kidogo, doa linapanuka, na kabla tunda halijaonja jua la kuiva limekauka mtini likiwa jeusi. Mwenye mibuni ya aina za zamani, N39 au KP423, kule juu kwenye baridi na ukungu aliweza kutazama sehemu kubwa ya mavuno ikienda hivyo ndani ya msimu mmoja. Huku chini kwenye joto kidogo kulikuwa na kutu ya majani, ile poda ya rangi ya machungwa mgongoni mwa jani. Mrututu ulizuia vyote viwili. Mzee aliyepuliza kila baada ya wiki tatu au nne wakati wa mvua alikuwa akilinda ada za shule. Ada yangu mimi ilitoka kwenye ile bluu, na ninamshukuru kila aliyeibeba mgongoni.

Sasa udongo. Mwaka juzi nilichimba kwa jembe sehemu mbili za kihamba chetu: chini ya mbuni mkongwe ambao babu aliupulizia maisha yake yote, na nyuma ya zizi ambako hakujawahi kuwa na kahawa. Nyuma ya zizi nyungunyungu walikuwa wamejaa, wanene, wakijikunja kila nilipogeuza donge. Chini ya mbuni niligeuza madonge kumi na kitu nikampata mmoja. Huo si utafiti, na nyuma ya zizi kuna samadi inayowavuta. Lakini watafiti wamelisema hili kwa miaka mingi: shaba ikizidi, nyungunyungu hupungua, hukua kwa shida au huhama kabisa. Kihamba ni shamba lisilojua trekta. Jembe lake la kwanza ni hao viumbe, wanaotafuna matandazo ya migomba na kuyashusha chini. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na sifa yake ni huo mzunguko: mti mkubwa juu, mgomba katikati, kahawa chini yake, magimbi na nyasi chini kabisa, ng'ombe zizini, samadi ikirudi shambani.

Na mzunguko huo unatuambia kitu kingine. Mama zetu hukata majani chini ya kahawa na kuyapeleka zizini. Kati ya wanyama tunaofuga, kondoo ndiye anayedhuriwa na shaba upesi kuliko wote. Ini lake huihifadhi kimyakimya mpaka siku inapomuua. Kama unafuga kondoo, tafadhali asile majani yaliyokatwa chini ya mibuni iliyopulizwa. Hili lianze leo, halihitaji kikao wala fedha.

Kabla sijafika kwenye njia ninazoziamini, niseme neno kuhusu moja nisiyoiamini, kwa sababu naisikia sana kwenye semina. Mtu akisikia mrututu una matatizo, anakimbilia utupa au tumbaku: ni majani, ni vya asili, basi ni salama. Ndugu zangu, utupa ndio ule ule uliolevya samaki mitoni tangu enzi za mababu. Sumu yake, rotenoni, ilifanyiwa majaribio na watafiti wa Marekani mwaka 2000, na panya waliopewa kwa muda walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson. Umoja wa Ulaya umeshaiondoa kwenye dawa za mashambani. Maji ya mfongo wako, mfereji wa shambani, yanapita kwa jirani, na jirani ana bwawa la perege. Tumbaku nayo ina nikotini inayopenya kwenye ngozi ya anayepuliza. Tena zote mbili huua wadudu, na chulebuni na kutu si wadudu, ni kuvu. Utamwaga sumu nyingine juu ya ile ya zamani, na ugonjwa utabaki pale pale.

Njia yenyewe ipo karibu, na tumechelewa kuifuata. Pale Lyamungo, ambako utafiti wa kahawa umekuwapo tangu 1934, taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ilianza mwaka 2005 kutoa aina za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani kwa pamoja. Kenya walitangulia kwa Ruiru 11 mwaka 1985, wakaongeza Batian mwaka 2010. Mbuni wa aina hizo hauhitaji kopa kwa magonjwa hayo mawili. Bomba linabaki stoo. Ukinunua kopa msimu baada ya msimu, umelipia miche mara nyingi bila kuipata.

Mbona basi vihamba vingi bado vimejaa mibuni ya babu? Nimewauliza wazee, na majibu yao ni ya maana. Wa kwanza alisema mbuni wa zamani una ladha inayojulikana sokoni. Ni kweli, lakini aina mpya nazo zilionjwa na waonjaji kabla ya kutolewa, na kahawa iliyooza mtini haina ladha yoyote ya kusifiwa. Wa pili alisema akiung'oa mkongwe atakaa miaka mitatu bila mavuno, na umri hauruhusu. Huyo nilimwelewa sana. Kwake kuna kubebesha: shina la zamani linakatwa, na kikonyo cha aina mpya kinabebeshwa juu ya mizizi ileile iliyokwisha kushika ardhi. Na hakuna anayelazimika kung'oa vyote kwa mpigo. Badili mstari mmoja au miwili kila mwaka, ile inayougua kuliko yote kwanza, mingine iendelee kulipa ada.

Shida kubwa zaidi ni miche. Aina hizi nyingi ni chotara, na mbegu uliyookota chini ya mbuni chotara haiahidi mtoto anayefanana na mzazi. Lazima zizalishwe kwa vikonyo, kutoka bustani mama inayotunzwa vizuri. Vikundi vya wakulima vilivyoanzisha bustani zao wenyewe vimeonyesha kwamba inawezekana kijijini kabisa, kwa kivuli cha neti, mchanga, maji ya uhakika na mtu mmoja au wawili waliofundishwa. Viongozi wa vyama vya msingi, hapa nawaomba kwa heshima zote. Kila AMCOS ya kahawa iwe na bustani mama yake au iingie ubia na jirani. Hilo ni jambo la kuwekwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu na kupigiwa kura, lipate bajeti kama vile mizani na maghala yanavyopata.

Na tusipande aina moja tu. Honduras waliitegemea mno aina yao iitwayo Lempira, iliyosifiwa kwa kustahimili kutu, na mwaka 2017 wakatangaziwa kwamba kutu imeishinda. Kuvu nao wanajifunza. Aina mbili au tatu kwenye kihamba kimoja zinawapa kazi ngumu zaidi.

Kwa mibuni ya zamani itakayobaki, mkasi na panga vina kazi kubwa. Chulebuni hujificha kwenye punje nyeusi zilizobaki mtini baada ya mavuno, zile tunazoziacha kwa kuwa hazina bei. Zichumwe zote, zitolewe. Maotea yaondolewe mapema, matawi yapogolewe hewa ipite katikati, vivuli vizito vipunguzwe ili umande ukauke asubuhi. Nimeona vihamba viwili vinavyotenganishwa na ua wa isale tu, cha kushoto kimepogolewa na cha kulia kimeachwa kichaka, na saa nne asubuhi majani ya kulia bado yalikuwa yanadondosha maji. Jani lililolowa muda mrefu ndilo kuvu analolisubiri. Kazi hii ya mikono haimalizi ugonjwa peke yake kwenye aina dhaifu, ila inafanya dawa kidogo itoshe pale ambapo zamani hata nyingi haikutosha.

Maana sisemi bomba litupwe kesho. Mwenye mibuni dhaifu kule juu akiacha kupuliza ghafla atapoteza mavuno, na watakaompoteza yeye ni sisi sote tunaopenda kilimo hai. Naomba tupime, tuandike, tupulize wakati hali ya hewa inapotaka na si kwa mazoea ya kalenda, na kila mwaka daftari lionyeshe kilo pungufu kuliko mwaka uliotangulia.

Tujue pia tulipo. Maabara za udongo zipo Lyamungo, zipo kwenye kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kule Tanga, na kwenye chuo kikuu cha SUA, Morogoro. Mkulima mmoja anaweza kuona gharama, lakini kikundi cha majirani 10 kinaweza kuanza na vihamba vitatu vya mfano. Chimba vijishimo 10 hadi 15 huku na huku, kina cha sentimeta 20, udongo wote uweke kwenye ndoo ya plastiki, usitumie ya bati, changanya vizuri, chota nusu kilo. Waambie maabara kwamba mnataka shaba ipimwe, kwa sababu kipimo cha kawaida huishia kwenye tindikali na virutubisho vikuu. Kama majibu ni mabaya, msikate tamaa. Shaba hatuwezi kuitoa, lakini udongo wenye mboji nyingi na tindikali ndogo huishika isiifikie mizizi kwa urahisi. Samadi iliyoiva, matandazo, na chokaa pale inaposhauriwa, ni kazi tunazozijua tangu utoto. Angalizo dogo tu: samadi ya nguruwe wa kisasa nayo mara nyingi huja na shaba, kwa kuwa huwekwa kwenye chakula chao. Ulizeni wanalishwa nini.

Wanunuzi wa kahawa ya kilimo hai, na wenye maduka ya kahawa wa Dar es Salaam, Nairobi na huko Ulaya mnaosoma Kiswahili, mnaiuza kahawa yetu kwa jina la udongo safi. Mkulima anayebadili mibuni yake anabeba miaka ya mapato madogo kwa ajili ya jina hilo. Mkataba wa ununuzi unaweza kuwa na kifungu cha miche, na bei ya ziada inaweza kuanza mwaka anaopanda badala ya mwaka anaovuna. Tuzungumzeni.

Nimewaacha wa mwisho ninyi mliozaliwa mlimani mkaishi mjini. Kila Desemba barabara ya Moshi inajaa magari yenu, na vihamba vinachangamka kwa vicheko na mbuzi wa kuchoma. Mwaka huu njooni na mkasi mmoja wa kupogolea kwa ajili ya mzee. Lipieni kipimo kimoja cha udongo. Na asubuhi ya tarehe 26, kabla wageni hawajafika, chimbeni mashimo ya kahawa, sentimeta 60 kila upande na 60 kwenda chini, udongo wa juu kando, wa chini kando, kisha wa juu urudishwe umechanganywa na samadi. Shimo likikaa zaidi ya miezi miwili, masika ya Machi yanalikuta limetulia, tayari kupokea mche.

Mimi na ndugu zangu tumekubaliana mashimo 40, kuanzia ule mstari wa chini ambako babu alikuwa akiweka pipa. Miche tumeiagiza kwenye bustani ya kikundi cha jirani, aina mbili, na mama mtunza bustani ameandika majina yetu. Amesema wiki ya pili ya Machi, mvua ikiwa imeshika, twende na matenga.